Sauti ya Chini Ugogoni

Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo, alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma, akakua akichunga ng'ombe. Muziki aliupata nyumbani kwa baba yake, na hapakuwa na saa ya somo. Ugogoni, nchi ya Wagogo, mtoto huanza na nyimbo za michezo. Huitikia wenzake, hukosea hadharani bila kuchekwa sana, na polepole sauti ya pili na ya tatu humkaa masikioni kabla hajashika chombo chochote. Akija kushika ilimba, vidole ndivyo vigeni. Sikio limeanza kazi siku nyingi.

Ilimba ni sanduku la mbao lililopangwa vyuma vyembamba. Chuma kirefu hutoa sauti nzito: ukikivuta nje inashuka, ukikisukuma ndani inapanda. Vipo vyuma visivyoguswa na kidole kabisa, kazi yao ni kutetemeka vyenyewe jirani zao wanapopigwa. Kwenye tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui ili sauti ivume. Hugh Tracey alipopita nchi hii na mitambo yake mwaka 1950, alirekodi ilimba na zeze za Wagogo. Lakini aliyekaa kuuliza kwa nini sauti zile zinapatana namna ile ni Mwaustria Gerhard Kubik, mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Jibu lake linamhusu kila anayependa besi. Uzi mmoja ukipigwa hautoi sauti moja tu. Tuseme sauti yake ya chini inatikisika mara 100 kwa sekunde. Juu yake zimo nyingine hafifu: 200, 300, 400, na kuendelea. Kubik aliona kwamba ngazi ya sauti ya Kigogo inafuata zile za 400, 500, 600, 700, 800 na 900. Yaani ngazi nzima imezaliwa na sauti nzito ya chini, na mwenye kuishika hiyo anazo nyingine zote. Ile ya 700 haimo kwenye kinanda. Wamisionari wa shirika la CMS waliofika Mpwapwa miaka ya 1870 walikuja na tenzi zenye ngazi nyingine, na kwaya nyingi za Dodoma zimelelewa na ngazi zote mbili.

Kutoka hapo, kubuni papo kwa papo hakuhitaji ushujaa. Zipange sauti hizo kwa mfuatano: 400, 450 (ambayo ni ile ya 900 iliyoshushwa), 500, 600, 700, kisha 800. Anayetaka kumwitikia mwenzake anaruka moja. Aliyeko 400 anapata mwenza wake 500, wa 450 anapata 600, wa 500 anapata 700. Hakuna anayeyasema haya kijijini kwa hesabu, lakini ndivyo koo zinavyofanya. Mwimbaji anaweza kugeuza maneno na kupinda wimbo atakavyo, na jirani yake ataangukia mahali panapofaa. Kwa maoni yangu, huo unaoitwa ujasiri wa mpigaji ni matokeo ya kujua aliposimama.

Baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere alimwita Zawose Dar es Salaam. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, alikuwa miongoni mwa waliofundisha hapo, naye mwenyewe alikuwa amefunzwa na zizi na baraza. Kedmon Mapana, Mgogo aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na aliyeanzisha tamasha la muziki wa Cigogo pale Chamwino, ameandika juu ya ufa uliopo kati ya nyumbani na shule: nyumbani mtoto hujifunza kwa kushiriki, shuleni anakutana na njia isiyomjua. Nadhani ufa huo unamhusu pia kijana wa Dodoma anayeshika gitaa la besi kanisani leo. Akianza kwa kukariri mahali pa vidole, atapotea kwaya ikibadili ufunguo. Akianza kwa kuimba ile sauti ya chini kwanza, mkono utamfuata.

Mwaka 2002 Zawose alitoa albamu ya Assembly pamoja na Mkanada Michael Brook, mpiga gitaa. Mwaka huohuo yeye na mpwa wake Charles walifungua maonyesho ya mwanamuziki Peter Gabriel huko Marekani. Walipanda jukwaani na ilimba, zeze na koo zao, mbele ya watu waliokuja kumwona mwingine. Hukwe alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003.

Mwanawe Msafiri alitoa albamu ya Uhamiaji mwaka 2017, ilimba ikiwa imeketi juu ya midundo ya mashine. Kisha ikaja zamu ya wanawake wa ukoo. Ugogoni ngoma za muheme ni za wanawake tangu hapo, wakizibana mapajani, lakini katika kundi la Hukwe wao waliimba nyuma. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu ya Maisha, kwa jina la The Zawose Queens. Humo wao ndio wanaoongoza, na wengine wanaitikia.