Waziri Mbele ya Mahakama

Wahenga walisema kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini usemi huu hupimwa siku ile msumeno unapomfikia mwenye cheo.

Siku hiyo ilifika Uingereza mwaka 1991. Mwalimu mmoja wa Zaire, ambaye mahakama ilimwita M ili kulificha jina lake, aliomba hifadhi ya ukimbizi akanyimwa. Tarehe 1 Mei, ndege ikiwa karibu kuondoka naye, mawakili wake walimwendea Jaji Garland wa Mahakama Kuu. Jaji alielewa kuwa wakili wa Serikali ameahidi kwamba mwalimu hataondoshwa kwanza. Ndege ikaruka naye. Usiku ule ule Jaji akaamuru arudishwe. Maofisa wakaanza kuitengeneza safari ya kumrejesha, lakini kesho yake Waziri wa Mambo ya Ndani, Kenneth Baker, akaifuta. Alikuwa ameshauriwa kwamba Jaji hana mamlaka ya kumwamuru Waziri.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Yawezekana mtu akaamini kwa moyo safi kuwa amri ya mahakama ina kasoro. Njia iliyo wazi kwake ni kurudi mahakamani na kuomba ifutwe. Maadamu haijafutwa, yampasa kuitii. Tarehe 3 Mei Jaji mwenyewe aliifuta amri yake. Hata hivyo, kosa la kuivunja ilipokuwa hai halikufutika.

Shauri lilipanda hadi Baraza la Malodi. Serikali ilidai kuwa mahakama haina uwezo wa kumtia Waziri hatiani kwa kazi ya wadhifa wake. Mwezi Julai 1993 Baraza lilikataa, likahukumu kuwa Waziri, kwa cheo chake, ameidharau mahakama. Lodi Templeman alionya kuwa hoja ile ingeufanya utii wa Serikali kwa sheria kuwa hisani, si wajibu. Waziri hakufungwa wala hakutozwa faini. Kutangazwa kwa kosa kulitosha.

Nasi Tanganyika tuliipokea sheria ya Kiingereza katika mahakama zetu tangu 1920, hivyo shauri hili si la wageni watupu. Mtumishi wa umma apokeapo amri ya mahakama asiulize kwanza kama inampendeza mkubwa wake. Hukumu ya 1993 haikuweza kumrejeshea yule mwalimu usiku wa 1 Mei 1991. Amri ikichelewa kutiiwa, huenda anayelindwa nayo ameshapakiwa ndegeni.