Fimbo Kando ya Mto Credit

Kitenzi kurudi kina kazi mbili katika Kiswahili. Msafiri hurudi nyumbani. Mzazi humrudi mwanawe. Katika Kiebrania cha Agano la Kale kazi hizo zina maneno mawili tofauti: yasar, yaani kutia adabu, na shuv, yaani kugeuka na kurejea, ambalo ndilo neno la toba. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 imeyakaribisha maneno hayo hata yakasikika kama moja. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 8, Mungu anawarudi Waisraeli jangwani kama baba amrudivyo mwana. Katika Amosi, sura ya 4, njaa, ukame, nzige na tauni vinafuatana, na mara tano nabii anakariri lalamiko lile lile kwamba watu hawakumrudia Mungu. Walirudiwa, hawakurudi.

Fundisho hili ni zito, na uzito wake hutegemea kinywa kinachelitamka. Katika Nehemia, sura ya 9, wanaolisema ni walioteseka wenyewe, nao husema "sisi". Marafiki wa Ayubu walilisema juu ya mtu mwingine aliyeketi majivuni, na mwisho wa kitabu wao ndio wanaokemewa. Isaya, sura ya 10, anakwenda mbali zaidi. Ashuru ni fimbo mkononi mwa Mungu, lakini fimbo hiyo inajisifu kana kwamba ndiyo inayomwinua aliyeishika, na kwa sababu hiyo nayo inahukumiwa. Kwa hiyo taabu inaweza kuwa adabu kwa anayepigwa bila kumpa uhalali anayepiga. Wahubiri wengi huishia kwenye nusu ya kwanza.

Nusu zote mbili zilijaribiwa huko Kanada, katika mji unaoitwa leo Mississauga, jirani ya Toronto. Mji umechukua jina la watu wa jamii ya Waojibwe waliovua samaki na kuwinda kando ya mto Credit kabla ya walowezi kuja. Kwa mikataba ya 1805 na 1806 waliachia pwani ya ziwa Ontario, wakabakiza uvuvi na ukanda mwembamba kando ya mito. Mwaka 1818 waliachia ekari 648,000 za bara kwa malipo ya bidhaa zenye thamani ya pauni 522 na shilingi 10 kila mwaka. Februari 1820 ukaondoka hata ule ukanda wa mito. Kwenye mto Credit zikabaki ekari 200. Maradhi yaliyoletwa na wageni yalikuwa yamekwisha kuwapunguza, pombe ikawamaliza nguvu, na walowezi wakawapora samaki wao.

Katika hali hiyo ndipo alipotokea Kahkewaquonaby, ajulikanaye zaidi kama Peter Jones. Alizaliwa mwaka 1802, mama yake Mmississauga, baba yake mpimaji ardhi mwenye asili ya Wales. Juni 1823, katika mkutano wa kambi wa Wamethodisti karibu na Ancaster, aliokoka, na kwa miaka iliyofuata akawahubiria ndugu zake kwa lugha yao wenyewe. Hilo la lugha si dogo. Toba iliyohubiriwa kwa Kiojibwe na mwana wa kabila ilikuwa neno la "sisi", si hukumu ya mgeni. Watu waliacha pombe kwa wingi, na mwaka 1826 kikaanza kijiji cha misheni kando ya mto Credit, chenye nyumba za magogo, mashamba, shule na kanisa.

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kawaida ya misheni: watu walipigwa, wakatubu, wakatulia. Hawakutulia. Watubu hao hao walizidi kudai samaki wao na hati za kumiliki ardhi yao. Jones, ambaye alikuwa amewekewa mikono kuwa mchungaji mwaka 1833, alivuka bahari, na Septemba 1838 akasimama mbele ya Malkia Victoria huko Windsor na ombi la hati hizo. Katika historia ya Waojibwe aliyoiandika, iliyochapishwa mwaka 1861, miaka mitano baada ya kifo chake, aliwaonya weupe wenye hila kwamba watatoa hesabu ya kutisha siku ya hukumu kwa kuwaangamiza wenye nchi. Ni Isaya 10 kwa kalamu ya Mmississauga. Dhambi za ndugu zake hakuzificha, ila hakukubali zitumike kama risiti ya ardhi yao.

Afrika Mashariki nayo inamfahamu mshika fimbo anayejisifu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, akidai ameoteshwa na Mungu. Maelfu yao walipokewa Kanada. Ashuru ya Isaya, sura ya 10, haikudai hata ndoto.

Hati za kudumu hazikutolewa. Mwaka 1847 watu wa mto Credit walihama kwenda New Credit, karibu na Hagersville, kwenye ardhi waliyopewa na Mataifa Sita, ambao walikumbuka kwamba mwaka 1784 Wamississauga ndio walioachia nchi ya mto Grand ili wao wapate pa kukaa. Madai hayakufa. Mwaka 2010 serikali ya Kanada ilikubali kuwalipa wazao wao dola milioni 145 za nchi hiyo kwa sehemu mbili za ardhi, mojawapo ikiwa ile ambayo juu yake limejengwa jiji la Toronto. Mahali palipokuwa na kijiji cha Jones pana uwanja wa gofu.