Amana na Deni: Historia ya Soko la Mt. Gox mjini Tokyo, 2010–2024

Katika Kiswahili neno amana hubeba maana mbili zinazokaribiana: kitu kilichowekwa kwa mtu ili akitunze, na uaminifu wa yule aliyekipokea. Mpokeaji wa amana hawi mwenye mali. Siku mwenyewe akiitaka, hana budi kuirudisha kama ilivyokuwa. Deni ni jambo jingine: mkopaji hukitumia alichokopa, na mdai hubaki na ahadi tu. Maelfu ya wateja wa soko la Mt. Gox walidhani wameweka amana, kumbe mbele ya sheria walikuwa wadai. Makala haya yanaeleza jinsi walivyofikishwa hapo.

1. Chanzo cha soko

Sarafu ya Bitcoin ilianza kutumika Januari 2009. Haina noti wala chuma. Ni hesabu inayotunzwa katika kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, na anayeweza kuihamisha sarafu ni yule tu aliye na ufunguo wake wa siri, yaani namba ndefu isiyojulikana na mtu mwingine. Kusudi lake lilikuwa kuwawezesha watu kulipana bila kupitia benki. Hata hivyo, aliyetaka kuinunua kwa dola au kwa yeni alihitaji mahali pa kukutana na muuzaji. Julai 2010 Mmarekani Jed McCaleb alifungua soko la namna hiyo kwenye intaneti, akilipa jina la mradi wake wa awali wa kuuziana karata za mchezo. Machi 2011 aliliuza kwa Mark Karpelès, Mfaransa aliyekuwa akiishi Japani. Kufikia mwaka 2013, yapata asilimia 70 ya biashara yote ya Bitcoin duniani ilipitia hapo.

Urahisi huo ulikuwa na gharama yake. Mteja aliyeacha sarafu zake sokoni alimwachia mwenye soko funguo za siri pia. Yeye alibaki na tarakimu katika daftari la kampuni. Hivyo fedha iliyobuniwa ili isihitaji mtunzaji ilirudi mikononi mwa mtunzaji, tena asiyesimamiwa na mamlaka yoyote ya benki.

2. Onyo la mwaka 2011

Tarehe 19 Juni 2011 mdukuzi aliingia katika akaunti yenye mamlaka makubwa, akaandikisha mauzo ya sarafu nyingi mno, na bei ikaporomoka kutoka dola 17 hivi hadi senti moja. Wakati huohuo orodha ya wateja wapatao 60,000 ilivuja, pamoja na anwani zao za barua pepe. Kampuni iliyabatilisha mauzo hayo na kulifunga soko kwa siku kadhaa.

Ili kuwatuliza wateja, Karpelès alihamisha hadharani sarafu 424,242, kila mtu akishuhudia kwamba funguo zimo mikononi mwake. Wengi waliridhika. Lakini tendo hilo lilionyesha kilichokuwepo siku ile. Halikuonyesha jumla ya walichokuwa wakidai wateja. Anayefungua sanduku bila kufungua daftari hajatoa hesabu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mujibu wa mashtaka yaliyotangazwa na Marekani mwaka 2023, wadukuzi waliifikia hazina ya soko hilo mnamo Septemba 2011, wakaendelea kuichota hadi mwaka 2014. Zilizochukuliwa zilikadiriwa kuwa sarafu 647,000. Katika muda wote huo tarakimu za wateja zilibaki zilivyo, kana kwamba hakuna kilichopungua.

3. Wasiwasi na anguko

Dalili za kwanza zilionekana katika bei. Mwaka 2013 wateja waliotaka kutoa dola zao walianza kucheleweshwa kwa majuma na miezi. Wakaona heri wanunue sarafu na kuzihamishia kwingine. Kwa hiyo bei ya Bitcoin katika Mt. Gox ikapanda kuliko katika masoko mengine. Tarehe 7 Februari 2014 kampuni ilisimamisha pia utoaji wa sarafu, ikitaja kasoro ya kiufundi katika kumbukumbu za uhamishaji. Sasa bei ikageuka: hapo Mt. Gox ilishuka chini ya nusu ya bei ya kwingineko, kwa sababu sarafu isiyoweza kutoka ilikuwa ahadi tu. Baadhi ya wateja walisafiri kutoka nchi za mbali, wakasimama na mabango mbele ya ofisi za kampuni huko Shibuya, wakiuliza fedha zao ziko wapi.

Soko lilifungwa tarehe 24 Februari. Siku nne baadaye kampuni iliomba ulinzi wa mahakama ya Tokyo, ikikiri kwamba sarafu wapata 850,000 zilikuwa zimetoweka, na 750,000 kati ya hizo zilikuwa za wateja. Machi ikatangaza kwamba sarafu 200,000 zimeonekana katika hifadhi ya zamani. Kupatikana huko kuliwafariji wateja kidogo, ila kulithibitisha kwamba mtunzaji hakujua alichokuwa nacho.

4. Mbele ya sheria

Mteja mmoja alidai arudishiwe sarafu zake kama mali yake mwenyewe. Agosti 2015 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo iliamua kwamba Bitcoin, kwa kuwa haishikiki, haiwezi kumilikiwa kwa mujibu wa sheria ya madai ya Japani. Ilichobaki ni deni. Na deni hilo lilikuwa limekwisha kukadiriwa kwa bei ya Aprili 2014, yaani yeni 50,000 hivi kwa sarafu moja. Bei ilipozidi yeni milioni mbili mwishoni mwa 2017, ilionekana kwamba wadai wangelipwa kiwango kile cha zamani na salio lote kuwaendea wenye hisa za kampuni iliyofilisika. Wadai walipinga, na Juni 2018 mahakama iliuweka ufilisi kando, ikaruhusu utaratibu mwingine uliowezesha walipwe kwa sarafu. Machi 2019 Karpelès alitiwa hatiani kwa kughushi kumbukumbu za kompyuta, akapewa kifungo kilichoahirishwa. Shtaka la kujipatia fedha za wateja halikuthibitika.

Sheria nayo ilibadilika. Tangu Aprili 2017 masoko ya sarafu nchini Japani hulazimika kujiandikisha na kutenga mali ya wateja na ya kampuni. Baada ya soko la Coincheck kuibiwa sarafu zenye thamani ya yeni bilioni 58 hivi Januari 2018, masharti yalikazwa zaidi.

5. Hitimisho

Malipo ya sarafu yalianza Julai 2024, miaka kumi na zaidi baada ya anguko. Waliosubiri walirudishiwa sehemu tu ya sarafu zao, ingawa thamani yake kwa dola iliizidi ile waliyoipoteza. Wengine walikuwa wamekwisha kuyauza madai yao kwa bei ndogo kwa kukata tamaa. Faida ya wale wa kwanza ilitokana na kupanda kwa bei, wala haikutokana na utunzaji mwema. Swali la mwaka 2011 lingali palepale kwa kila anayekabidhi mali yake kwenye soko la namna hiyo: je, anayeipokea anaweza kuonyesha, siku yoyote, alicho nacho na anachodaiwa pia? Asipoweza, kilichowekwa kwake si amana.