Reli ya Voi–Taveta: vita viliijenga, mpaka ukaiua

Mamangu mdogo aliolewa Taveta. Kila akija kwetu Mombasa hakosi kutwambia, "Nyinyi mwajisifu na mji, sisi gari la moshi lilikuwa likipita kwetu kwenda Moshi." Tukimcheka. Kumbe asema kweli tupu.

Reli ya Mombasa kwenda Uganda ilipita Voi mwishoni mwa karne ya 19, na Taveta ikabaki kando. Kilicholeta reli huko ni vita. Agosti 1914 Wajerumani, waliokuwa wakitawala Tanganyika, walivuka mpaka wakaiteka Taveta. Kati yake na Voi ni nyika kavu, na jeshi haliendi bila maji wala chakula. Basi mwaka 1915 Waingereza wakaanza kutandika reli kutoka Voi, ikapita Mwatate na Bura mpaka Maktau. Maji nayo yakavutwa kwa bomba kutoka milima ya Bura. Wajerumani walikuwa wakipenya nyikani kuitega baruti njia hiyo.

Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walioletwa na Waingereza walishambulia kilima cha Salaita wakatimuliwa. Taveta ilikombolewa Machi, na mwaka huohuo reli ikafika Kahe, ikaungana na ile ya Tanga–Moshi. Makaburi ya vita yapo mpaka leo Voi, Maktau na Taveta, yametunzwa vizuri. Wapagazi wetu waliokufa kwa maelfu katika vita hivyo, wengi wao hata jina halikuandikwa popote.

Baada ya vita Mwingereza alishika pande zote mbili, na njia ya jeshi ikawa ya raia. Mkonge wa Taveta ulipakiwa humo, na abiria wa Mombasa aliweza kwenda Moshi kwa treni.

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la reli likagawanywa, na Tanzania ikafunga mpaka mpaka 1983. Reli iliyokuwa kiungo cha nchi mbili ikawa kichochoro kisichotokea. Mpaka ulifunguliwa, lakini njia ile haikupata tena uhai wake, na treni ya abiria ikawa hadithi ya wazee.

Leo kuna lami nzuri ya Mwatate–Taveta, nami siibezi. Lakini ndizi na nyanya tunazokula huku Pwani zaja kwa malori, na nauli ya lori iko ndani ya bei ya kila chano sokoni. Ardhi ya reli ile ni mali ya umma. Viongozi wa Taita Taveta watwambie wazi mpango wake ni upi, kabla hatujaona ua na hati miliki.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama mamangu mdogo. Treni mpya ilinishusha Voi. Kutoka hapo, matatu.