Timu Ikiitwa kwa Mahali: Uhindi, 1934

Kriketi kubwa ya Bombay ilichezwa kwa miaka mingi chini ya majina ya dini na asili: Wahindu, Waislamu, Waparsi, Wazungu. Baadaye, mwaka 1937, ikaongezwa timu ya Wakristo na wengineo, ikaitwa Waliosalia. Lipimeni jina hilo, enyi wapenzi wa lugha.

Msimu wa 1934–35 ulileta mashindano mengine, Kombe la Ranji, kwa kumbukumbu ya Ranjitsinhji aliyefariki mwaka 1933. Humo timu ziliitwa kwa mahali. Tarehe 4 Novemba 1934, uwanjani Chepauk, Madras iliikabili Mysore, na mchezo ukamalizika siku hiyo hiyo! Mysore walipata mikimbio 48, kisha 59. Madras, kwa zamu moja tu, 130. A. G. Ram Singh aliangusha wiketi 11 kwa mikimbio 35. Alikuwa Kalasinga, lakini ubaoni alikuwa mtu wa Madras, basi.

Kombe lilitwaliwa na Bombay, walioishinda India Kaskazini katika fainali. Mashindano ya dini nayo yaliendelea kandokando hadi mwaka 1946.