Jina hili ni la wapi? Soriano wa Katanga na herufi za jina langu



Miezi michache iliyopita nilienda kupeleka dosie yangu ya kazi. Walikuwa wanatafuta agronome wa kufuata mashamba ya mahindi na soya, na mimi nina lisansi, nina stage, nina pikipiki ya kukopa. Nikaona: hii ni yangu. Karani akapokea makaratasi, akaweka mawili kando kando. Kwenye diploma, jina langu linaanza na Tshi. Kwenye cheti cha kuzaliwa, linaanza na Ki. Akanitazama.

"Kijana, hawa ni watu wawili?"

"Hapana papa, ni mimi peke yangu."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza lile ulizo: "Sasa hii jina, ni ya wapi?"

Mtu aliyezaliwa Likasi anajua kwamba ulizo hili halikuwaka ulizo dogo. Sikujibu vizuri. Dosie ikarudi mkononi mwangu, na niliporudi siku nyingine, nafasi ilikuwa imeshachukuliwa. Jina letu lenyewe sitaliandika hapa, juu si langu peke yangu. Mjue tu kwamba ni jina la nadra: hapa Shituru, ni nyumba yetu tu inalibeba. Toka siku ile nilianza kusoma juu ya majina. Lakini jina lililonifundisha zaidi ni la jamaa ingine kabisa, jina Soriano. Wengi wenu mnamjua mtoto wa jina hilo bila kujua kwamba ndilo jina la baba yake.

Kwanza, tuelewane kitu kimoja. Wazungu wana jina la familia: baba anampa mtoto wa kiume, naye anampa wake, vizazi na vizazi. Ndiyo sababu kule wanaweza kuhesabu jina, kusema hili lina watu elfu ngapi, lile linakufa. Mwaka 1874 Mwingereza Francis Galton na mwenzake Henry William Watson, padri aliyekuwa pia mtu wa hesabu, waliandika juu ya jambo hili. Walionyesha kwamba kama jina linapitia kwa watoto wa kiume tu, majina mengi yatazimika yenyewe bila vita wala ugonjwa. Inatosha baba mmoja azae mabinti tu, ao asizae.

Kwetu huku mambo ni tofauti. Mtoto anaweza kupewa jina la babu, la shangazi, la mjomba, ao la rafiki aliyemsaidia baba siku ya shida. Mapacha wa Baluba wa Katanga wanaitwa Kyungu na Kabange. Wa Baluba wa Kasai wanaitwa Mbuyi na Kabanga ao Kanku. Jina kama hilo linaeleza namna ulivyozaliwa, haliseme baba yako ni nani. Ilunga wawili wanaweza kukaa kwenye banki moja darasani bila kuwa na undugu wowote, na ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu. Kwa hiyo jina la kwetu linaweza kupotea kizazi kimoja, kisha mjukuu analirudisha. Hata kama tungetaka kuyahesabu, hesabu ya mwisho ya watu wa nchi hii ilifanyika mwaka 1984. Daftari kubwa la majina lililobaki ni lile la wachaguzi.

Sasa turudi kwa Soriano.

Soria ni mji wa Castilla, katika Uhispania. Soriano ni "mtu wa Soria", sawa vile sisi tunasema "mwana Likasi". Fikirini kidogo: jina la namna hiyo unalipata wapi? Ndani ya Soria kila mtu ni wa Soria, hakuna wa kukuita vile. Unaitwa mtu wa Soria ukishatoka, ukifika kwa wengine. Basi jina lenyewe linatuambia kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa mgeni mahali fulani.

Tarehe 31 mwezi wa 3 mwaka 1492, mfalme Ferdinand na malkia Isabella walitoa amri kwamba Wayahudi wote wasiokubali kubatizwa waondoke Uhispania. Wengi walikimbilia katika utawala wa Waturuki, na Waturuki walipoteka kisiwa cha Rhodes mwaka 1522, Wayahudi wenye asili ya Uhispania wakajenga huko maisha mapya. Waliendelea kusema Kihispania chao cha zamani kwa karne 4. Walibeba majina kama Alhadeff, Hasson, Benatar, na Soriano.

Mwaka 1912 Italia ikachukua kisiwa. Kazi zilikuwa kidogo, na vijana wakaanza kutafuta maisha mbali. Wengine walienda Rhodesia, wengine Élisabethville, mji uliozaliwa mwaka 1910 wakati reli kutoka kusini ilipofika. Walikuwa na jamaa ya kutosha mpaka rabi wao, Moïse Levy, alikaa Congo toka 1937 mpaka 1991. Mwaka 1938 Italia ya Mussolini ilipitisha sheria za kuwabagua Wayahudi. Mwezi wa 7 mwaka 1944 Wajerumani wakakusanya Wayahudi waliobaki Rhodes, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliorudi hai hawakufika 200. Ndiyo kusema, majina mengi ya Rhodes yaliokoka kwa sababu mtu mmoja wa familia alikuwa ametangulia kwenda kuuza vitambaa ao samaki katika Afrika.

Mmoja wa wale waliofika huku kati ya vita viwili vya dunia aliitwa Nissim Soriano. Hakukaa mjini. Alienda upande wa Luapula na ziwa Mweru, kufanya biashara ya samaki. Hapo lazima muelewe uchumi wa wakati ule. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi wa kulisha, Élisabethville na hapa kwetu Jadotville, na samaki wa Luapula walikuwa sehemu ya chakula hicho. Wagiriki walikuwa wamejipanga Kasenga kwa biashara hiyohiyo. Nissim Soriano aliishi Kashobwe na mama wa ukoo wa Mwata Kazembe, na tarehe 28 mwezi wa 12 mwaka 1964 alizaliwa mtoto ambaye sisi wote tunamjua: Moïse Katumbi Chapwe, gavana wa Katanga toka 2007 mpaka 2015, mkubwa wa TP Mazembe. Ndugu yake mkubwa, Raphaël Soriano, nchi nzima ilimzoea kwa jina la Katebe Katoto.

Munaona sasa? Uhispania, Soriano ni jina la kawaida. Ufilipino pia ni la kawaida, na kule mwaka 1849 gavana Mhispania Narciso Clavería aliamuru watu wapewe majina ya familia kutoka kitabu kimoja cha serikali. Lakini huku Katanga, ambako damu ya Soriano imetoa mmoja wa watu wanaojulikana zaidi nchini, jina lenyewe karibu hatulisikii tena. Damu iko, jina limeingia chini.

Mojawapo ya sababu iko katika mwaka 1972. Mobutu alitangaza kwamba Mzairwa lazima abebe jina la Kizairwa. Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Wazazi wetu, wana Jean na Marie, wakatafuta majina ya mababu. Padri aliyebatiza mtoto kwa jina la kizungu alitishwa na kifungo. Kardinali Malula alipopinga, alilazimika kwenda Roma. Kisha tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973 Mobutu akatangaza kunyang'anywa kwa maduka na mashamba ya wageni, na Wagiriki, Wareno na Wayahudi wengi wakaondoka. Hata sheria ya familia ya mwaka 1987 iliendelea kusema kwamba majina yatoke katika utamaduni wa nchi. Katika hali kama ile, jina kama Soriano lingeishi namna gani?

Na hapa ndipo jina la watu wengine lilinirudisha kwetu Shituru.

Mnajua vile makaratasi yanacheza na majina ya mji wetu. Likasi iliitwa Jadotville, jina la injenia Mbelgiji Jean Jadot, mpaka wakati wa Mobutu. Hii Shituru yetu, yenye usine ya shaba toka mwaka 1929, kwenye makaratasi ya zamani utaikuta imeandikwa Chituru. Shinkolobwe nayo utaikuta Chinkolobwe. Udongo ni uleule. Kilichobadilika ni sikio la mzungu aliyekuwa anaandika. Kama mtaa mzima unaweza kuandikwa namna mbili, mfanyakazi mmoja aliyesimama kwenye mstari angefanya nini?

Lakini mwaka 1992 herufi hizo ziligeuka kitu kingine. Baada ya Étienne Tshisekedi kuchaguliwa waziri mkuu mwezi wa 8, watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa katika Katanga, na Likasi iliumia sana. Makumi ya maelfu walilala kwenye gare na kwenye masomo, wakingoja treni ya kuwapeleka kwenye nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Walizaliwa huku. Babu zao waliletwa na kampuni. Na namna mojawapo ya kuwatambua ilikuwa jina. Tshi ikawa Kasai, Ki ikawa Katanga.

Hesabu hiyo ilikuwa ya uongo toka mwanzo. Aliyetangaza Katanga iliyojitenga tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka 1960 aliitwa Moïse Tshombe, Mlunda, na jina lake linaanza na Tsh. Na majina kama Ilunga, Kalala, Mutombo, Kabongo utayakuta pande zote mbili, juu Baluba wa Kasai na wa Katanga wanashiriki historia moja ya zamani. Lakini wakati wa hasira hakuna aliyekuwa na muda wa kusoma historia.

Niliporudi na dosie yangu ile siku, nilimuuliza mama, "Kwa nini mimi niko na majina mawili?" Alikaa muda mrefu akichambua mboga. Kisha akanieleza. Nilipozaliwa, miaka michache baada ya mambo ya gare, baba alienda kuniandikisha, na mbele ya meza ya Leta akasema Ki. Hakumwambia mtu. Aliporudi, nyanya, mama yake, aliona karatasi na hakusema na mtoto wake kwa siku 3. Mwaka niliofika umri wa kuanza masomo, nyanya mwenyewe alinishika mkono, akanipeleka, na walipouliza jina la mtoto, akalitaja vile bwana yake alivyokuwaka analitaja. Ndiyo hivyo diploma yangu ina jina la nyanya, na cheti changu kina woga wa baba.

Sikumlaumu baba. Alikuwa ameona treni zile. Sikumlaumu nyanya pia.

Sasa turudi kwa ulizo la karani. Mwaka 2021 liliwekwa Bungeni pendekezo la sheria, lililotoka kwa wazo la Noël Tshiani, kwamba rais wa nchi awe amezaliwa na baba na mama Wakongomani. Wote walielewa nani alikuwa analengwa: mtoto wa Nissim. Mwezi wa 12 mwaka 2023 alisimama uchaguzi na akatoka wa pili. Mpende ao msimpende, hiyo ni siasa yenu. Mimi naangalia ulizo lenyewe. Soriano alikuwa mgeni Rhodes kwa jina la Soria, Soria iliyomfukuza babu yake. Kashobwe alikuwa mgeni kwa jina hilohilo. Na mtoto wake, mwenye jina la huku, angali anaulizwa ni wa wapi. Ukibeba jina la kigeni wanakuuliza, ukibeba la huku wanatafuta lile lililo chini yake.

Sisi agronome tunajua kitu kimoja. Mahindi yalitoka Amerika, muhogo pia ulitoka Amerika, na leo hakuna anayekaa mbele ya bukari akauliza, "Hii ni ya wapi?" Tunauliza kama imeiva.

Juma lijalo nitaenda kwenye tribinali ya amani ili makaratasi yangu yapate jina moja. Nimechagua Tshi. Baba nilimwambia jana jioni. Alitikisa kichwa, akasema tu, "Ni sawa. Ni jina la baba yangu." Kisha akaniuliza bei ya tribinali, akaingia ndani, akatoka na nusu ya pesa.

Ndugu zangu, kama kwenu nyanya ao babu angali hai, muulizeni leo jina lenu liliandikwa na nani, wapi, na kwa nini. Andikeni jibu na mwaka. Na siku mtakapokaa upande ule mwingine wa meza, na kijana akawaletea makaratasi mawili, ulizeni alizaliwa lini na anajua kufanya nini. Inatosha.