Ufundi bomba wa nyumbani

Ufundi bomba wa nyumbani ni kazi ya kufunga, kutunza na kutengeneza mabomba na vifaa vinavyoingiza maji safi nyumbani na kuondoa majitaka: koki, sinki, bafu, choo cha kuflashi, tangi na hita ya maji. Anayeifanya huitwa fundi bomba. Sehemu ndogo ya kazi hiyo, kama kubadilisha washa ya koki, inaweza kufanywa na mwenye nyumba mwenyewe. Sehemu nyingine inahitaji mtu aliyeisomea, na sehemu nyingine tena ni ya mamlaka ya maji peke yake.

Historia kwa ufupi

Miji ya bonde la mto Indus, kama Mohenjo-daro, ilikuwa na mifereji ya majitaka iliyofunikwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Waroma wa Kale walitumia mabomba ya risasi; jina la Kilatini la metali hiyo, plumbum, ndilo asili ya neno la Kiingereza la fundi bomba na pia la alama yake ya kikemia, Pb. Leo risasi haifai kwa maji ya kunywa kwa kuwa ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Mwaka 1775 Alexander Cumming, mtengenezaji wa saa mjini London, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda umbo la S, na pindo hilo bado lipo chini ya karibu kila choo na sinki.

Katika pwani ya Afrika Mashariki mabirika ya kutawadhia misikitini ni ya zamani kuliko mabomba. Unguja ilipata maji ya mfereji kutoka chemchemi za nje ya mji wakati wa Sultani Barghash bin Said (1870–1888).

Maji safi: kutoka mita hadi koki

Maji ya mamlaka hupita kwenye mita, kisha koki kuu ya kufungia, kisha huingia nyumbani moja kwa moja au kwenye tangi. Katika miji mingi ya Tanzania na Kenya maji hutoka kwa mgawo, hivyo tangi ni sehemu ya lazima ya mfumo. Mara nyingi huwa mawili: moja chini la kupokea maji usiku yanapotoka, na jingine juu ya mnara au dari, linalojazwa kwa pampu. Kwa kawaida mamlaka za maji hukataza pampu kuunganishwa moja kwa moja na bomba la mtaa. Pampu ya namna hiyo huwanyima majirani maji, na inaweza kunyonya maji machafu kupitia nyufa za bomba lililo ardhini.

Kinachosukuma maji kutoka tangi la juu ni kimo chake tu. Kila mita 10 za kimo hutoa kanieneo ya karibu bar 1. Tangi lililo mita 3 juu ya bomba la mvua la bafuni hutoa bar 0.3 tu, ndiyo sababu maji hutiririka kinyonge hata bomba likiwa jipya. Tangi kubwa zaidi haliongezi nguvu. Huongeza akiba tu. Nguvu huongezwa kwa kuinua tangi, kutumia bomba nene zaidi au kufunga pampu ndogo baada ya tangi. Anayeinua tangi akumbuke uzito: lita 1,000 za maji ni tani moja, na mnara wa mbao uliojengwa kwa kukadiria hauwezi kuaminiwa kubeba mzigo huo juu ya mahali watoto wanapocheza. Tangi lifunikwe pia, kwa sababu mbu wa Aedes wanaoeneza homa ya dengi huzaliana katika maji masafi yaliyotuama.

Zamani mabomba yalikuwa ya chuma kilichopakwa zinki. Hayo hushika kutu kwa ndani hadi tundu la nusu inchi linabaki dogo kama la kalamu, na maji ya chumvi ya visima vya pwani huharakisha hali hiyo. Siku hizi nyumba nyingi hufungwa mabomba ya plastiki ya PPR, ambayo huunganishwa kwa mashine ya kuyeyusha yenye joto la nyuzi 260 za selsiasi. Bomba la milimita 20 hushikwa kwenye joto kwa sekunde 5 hivi, kisha huingizwa kwenye kiungio bila kuzungushwa. Likichomwa kupita kiasi, plastiki iliyoyeyuka huziba tundu kwa ndani, na kwa nje hakuna anayeona.

Koki inayodondosha maji

Tone moja kwa sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Matone 20 hivi hufanya mililita moja, kwa hiyo koki hiyo hupoteza zaidi ya lita 4 kwa siku, au zaidi ya lita 1,500 kwa mwaka. Kwa kuwa maji hayo yamekwisha kupita kwenye mita, mteja hulipia yote.

Kujua kama kuna uvujaji uliofichika ni rahisi. Koki zote za nyumba hufungwa, na tangi likiwa limejaa, mita husomwa. Baada ya saa moja bila mtu kutumia maji, mita husomwa tena. Namba ikiwa imesogea, maji yanatoka mahali fulani kati ya mita na koki. Jaribio hili lifanywe wakati maji ya mtaa yanatoka. Siku ya mgawo mita ikitulia haithibitishi lolote.

Koki ya kizamani, ile inayozungushwa mara kadhaa, huvuja kwa sababu washa ya mpira iliyo ndani imelika. Kwanza hufungwa koki kuu au ile iliyo chini ya tangi, kisha koki mbovu hufunguliwa ili maji yaliyobaki yatoke. Kichwa cha koki hufunguliwa kwa spana (wengi hutumia spana malaya), washa ya zamani hutolewa na mpya ya ukubwa uleule huwekwa. Kabla ya kurudisha kichwa inafaa kupapasa kiti cha chuma ambacho washa hukalia. Kikiwa na mikwaruzo, washa mpya italika upesi na ni afadhali kununua koki nyingine. Kosa la kawaida ni kukaza koki inayodondosha kwa nguvu zaidi kila siku: mpira hupondeka na kiti huharibika. Koki ya kisasa ya mkono mmoja haina washa hiyo, bali kifaa cha ndani chenye vigae vidogo, ambacho hubadilishwa chote.

Mahali panapovuja kwenye nyuzi za kiungio hutumika utepe mweupe wa plastiki. Huzungushwa kufuata upande ambao kiungio kitakazwa. Ukizungushwa kinyume hufunguka wakati wa kukaza. Mafundi wa zamani walitumia katani na rangi, na kwenye bomba la chuma wengine bado huiamini zaidi.

Choo kisichoacha kutiririka

Katika tangi la choo mna vitu vitatu vya kujua: boya linalopanda na maji na kufunga valvu ya kuingizia, mpira wa chini unaozuia maji yasishuke bakulini, na bomba la kufurikia. Maji yakiingia kwenye bomba la kufurikia, boya limewekwa juu mno au valvu yake haifungi. Maji yakishuka bakulini bila kufika kwenye bomba hilo, mpira wa chini umechakaa au umeshika uchafu na chumvi. Uvujaji huo wa pili haupigi kelele. Hugunduliwa kwa kutia rangi ya chakula ndani ya tangi na kusubiri nusu saa bila kuflashi. Rangi ikionekana bakulini, mpira ubadilishwe.

Majitaka na mziba

Bomba la majitaka hutegemea mteremko. Bomba la milimita 100 huwekwa mteremko wa kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Ukiwa mdogo mno, uchafu hubaki njiani na kujilimbikiza.

Pindo lililo chini ya sinki hubaki na maji yenye kina cha milimita 50 hadi 75, yanayozuia harufu, gesi na mende kutoka shimoni. Bafu la wageni linalonuka baada ya wiki kadhaa kwa kawaida halina ubovu wowote: maji ya pindo yamekauka, na ndoo moja ya maji humaliza tatizo.

Sinki la jikoni huzibwa na mafuta yaliyoganda, mabaki ya ugali na wali, na mahali ambapo sufuria husuguliwa kwa mchanga au majivu, na mchanga wenyewe. Njia ya kwanza ni pampu ya mpira ya kuzibulia. Ikishindikana, ndoo huwekwa chini, pindo hufunguliwa kwa mkono na kusafishwa. Dawa kali za kuzibulia huunguza macho na ngozi. Dawa ya klorini ya kufulia isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo, maana hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu, na katika choo kisicho na dirisha inaweza kuua.

Wakati wa kumwita fundi

Bomba lililo kabla ya mita, na mita yenyewe, si za mteja. Likipasuka, taarifa hutolewa kwa mamlaka. Fundi binafsi anayejitolea "kurekebisha" mita humwingiza mwenye nyumba katika kosa la jinai. Fundi anahitajika pia bomba linapovuja ndani ya ukuta au sakafu, na vifaa vingi vinapoziba kwa pamoja, maana hapo mziba uko kwenye bomba kuu au chemba.

Hita ya umeme ya bomba la mvua inastahili tahadhari ya pekee. Hupasha maji wakati yanapita, na umeme uko sentimita chache juu ya mtu aliyelowa. Isifungwe bila waya wa ardhi, swichi yake yenyewe na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Maji ya kisima chenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi na hula koili upesi, hivyo huhitaji hita iliyotengenezwa kwa maji hayo. Kazi hii ni ya fundi umeme pamoja na fundi bomba. Anayehisi anapigwa shoti kidogo akigusa koki azime umeme kwenye swichi kuu na asiendelee kuoga.

Hakuna anayepaswa kuingia katika shimo la majitaka bila vifaa vya kupumulia, hata kuokota kitu kilichoanguka. Gesi ya hidrojeni salfaidi humwangusha mtu kwa pumzi chache, na mara nyingi anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake.

Nchini Tanzania mafundi bomba husomea katika vyuo vya VETA, na Kenya hupimwa na NITA. Cheti kinaweza kuombwa kabla ya kazi. Wengi wazuri hata hivyo wamejifunza kwa kufuata fundi mwingine, na kazi yao ya awali ndiyo ushahidi. Wakati wa kujenga, mabomba hujazwa maji na kupimwa kwa kanieneo kabla ya plasta na vigae, na picha za kuta zikiwa wazi hupigwa zenye futi ya kupimia ndani yake, ili miaka baadaye anayetoboa ukuta kutundika kabati ajue bomba limepita wapi.